Natafuta programu huria ya kuchapa kalenda ya Kiajemi na ya Miladia kwenye karatasi moja

Mwanamji_Hamburg
Wakuu, salaam. Naishi Hamburg, mke wangu ni mzaliwa wa Shiraz, Iran, na jikoni kwetu kuna miaka miwili ukuta mmoja. Wangu unaanza Januari, wake unaanza Machi siku ya Nowruz. Tulikuwa tunatundika kalenda mbili, yeye anaandika kwake, mimi kwangu, mpaka siku moja miadi ya daktari wa mtoto ikapotea katikati. Nikasema basi, nachapa moja.

Nikapakua kiprogramu kidogo cha bure. Kikatoa PDF nzuri ya 2025: kila kisanduku kina tarehe ya Miladia kubwa, na ya Kiajemi ndogo pembeni. Nikachapa A3, nikaibana spairo, nikaitundika.

Desemba ndipo nilipoaibika. Wairani wana usiku wa Yalda, usiku wa mwisho wa mwezi wa Azar, ule mrefu kuliko yote. Watu wanakesha, wanakula komamanga na tikiti maji, mkubwa wa nyumba anasoma mashairi. Kalenda yangu ikasema 30 Azar ni Jumamosi, 20 Desemba. Tukaalika watu kumi na wanne. Saa moja usiku mama mkwe anapiga simu ya video kutoka Shiraz, anaona meza imejaa, anauliza: "Mna sherehe gani leo? Yalda si kesho?"

Mke wangu hakunisema mbele za wageni. Alininyamazia tu, na mnajua kunyamaziwa kulivyo.

Sasa nauliza mawili. Kwa nini ilikosea siku moja? Na kuna programu gani huria ya kuaminika ya kuchapa mwaka wao wa 1405, unaoanza Machi 2026? Natumia Linux, ila mke ana Windows.

Fundi Chapa
Pole mkuu. Hapa dukani kwangu kila Novemba nachapa kalenda za misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama, kwa hiyo hili nalijua kwa mikono. Tumia Scribus, programu ya kupanga kurasa. Ni huria, ipo Linux na Windows, na ndani yake inakuja na skripti ya kutengeneza kalenda: unachagua mwaka, miezi, siku ya kuanzia wiki, inakupangia kurasa zote.

Tatizo, skripti hiyo inajua Miladia tu. Tarehe za Kiajemi itabidi uziingize wewe. Na hakikisha ni toleo la 1.6 lililotoka Januari 2024 au la baadaye. Matoleo ya zamani ya 1.4 hayawezi maandishi ya kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi za Kiajemi zinatoka zimeachana, kila moja imesimama peke yake kama watu waliogombana. Mteja wangu mmoja wa mazulia alikataa kazi nzima kwa sababu hiyo, na alikuwa na haki.

Mlinzi wa Kodi
Kwa Linux kuna jcal. Debian na Ubuntu wanayo, unaiweka kwa amri moja. Inafanya kazi kama cal, ile amri ya kawaida ya kalenda, ila inatoa mwezi wa Kiajemi, na ndugu yake jdate inabadilisha tarehe kutoka huku kwenda huku. Lakini ni maandishi ya kwenye dirisha la amri, si ya kutundika ukutani. Kuna pcal pia, ya siku nyingi sana, inatoa kalenda safi kwa printa na hata umbo la mwezi inakuchorea, ila Kiajemi haina.

Kuhusu kosa lako nina jibu: ni saa za kanda. Mtu anayeandika programu kwa JavaScript anachukua usiku wa manane wa Hamburg, anaubadilisha kwenda saa za kimataifa, inakuwa saa tano usiku ya jana yake. Siku imerudi nyuma moja. Nimeliona mara mia kwenye mifumo ya mishahara.

MwalimuHisabati
Mlinzi wa Kodi, lingekuwa la kanda lingekosea mwaka mzima, Januari pia. Tena lingerudisha tarehe nyuma au kuisogeza kufuatana na upande, na lingeonekana kote. Mleta uzi, hebu turudi ukutani. Januari na Februari zilikuwa sawa?

Mwanamji_Hamburg
Nimeishusha kalenda sasa hivi. Siku ya kuzaliwa ya mama mkwe ni 10 Esfand, mwezi wao wa mwisho. Kalenda inasema 28 Februari, na ndiyo siku tuliyompigia, akafurahi. Kwa hiyo Februari ilikuwa sawa. Halafu 1 Farvardin, yaani Nowruz, imewekwa 20 Machi. Nowruz hiyo tulikuwa safarini, tukaambiwa na watu, hatukutazama ukuta.

MwalimuHisabati
Basi nimeshika ugonjwa, na nawaomba subira kidogo kwa sababu jambo lenyewe ni zuri.

Mwaka wa Kiajemi hauanzi kwa tarehe iliyopangwa. Unaanzia pale jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, siku usiku na mchana vinapolingana mwezi wa Machi. Sheria yao iko hivi: kama dakika hiyo imetokea kabla ya adhuhuri kwa saa ya Iran, leo ndiyo 1 Farvardin. Ikitokea baada ya adhuhuri, ni kesho. Mwaka 2024 ilitokea saa kumi na mbili na dakika 36 asubuhi, Nowruz ikawa 20 Machi. Mwaka 2025 ilitokea saa sita na dakika 31 mchana. Nusu saa tu baada ya adhuhuri! Kwa nusu saa hiyo Nowruz ikaenda 21 Machi, na mwaka wa 1403 ukawa mwaka mrefu, Esfand ikapata siku ya 30.

Sasa waandishi wa programu hawapendi kukokotoa jua, wanapenda kanuni fupi. Kuna kanuni ya Ahmad Birashk, ya duru ya miaka 2820, inayopendwa sana kwa kuwa inaandikika kwa mstari mmoja. Kanuni hiyo inasema mwaka mrefu ni 1404, si 1403. Nimeikokotoa kwa mkono jana usiku nikahakikisha. Matokeo yake 1404 yote, kuanzia 20 Machi 2025, inakwenda mbele siku moja. Yalda yako ikaliwa humo.

Kanuni ya miaka 33 yenye miaka mirefu minane inatoa 1403, sawa na serikali yao.

Kidevu Cheupe
Naweka kambi hapa. Sikujua kalenda ina mambo haya.

Mlinzi wa Kodi
Mwalimu nakubali nusu. Ila kuna njia ya tatu hujaitaja. Huenda aliyeandika kiprogramu hicho hakuwa na kanuni yoyote: alitazama Nowruz ya 2024 ni 20 Machi, akaandika 20 Machi, akalala. Kwa kalenda ya 2025 kosa lingeonekana vilevile. Huwezi kutofautisha.

MwalimuHisabati
Unaweza. Mwambie atoe kalenda ya 2026. Kama ni Birashk, Januari hadi 20 Machi zitakosea, halafu 1405 inaanza sawasawa 21 Machi, kosa linajifuta lenyewe. Kama ni mvivu wa 20 Machi, litaendelea mwaka mzima.

Mwanamji_Hamburg
Laptopu ile niliifuta yote mwezi uliopita, na kiprogramu sikioni tena nilikokipata. Nimebaki na karatasi tu.

Mlinzi wa Kodi
Basi kesi imekosa shahidi. Mimi bado sijaiondoa kanda ya saa. Ujerumani inasogeza saa mwisho wa Machi, na kosa limeanza Machi. Siku kumi tofauti si nyingi.

MwalimuHisabati
Siku kumi ni siku kumi. Karatasi imeandika 20 Machi.

Dada_Toronto
Habari za huku baridini. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, tuna wazee wa Kiirani na wa Kiafghani. Mleta uzi, angalia jambo moja: kalenda ni hiyohiyo, lakini majina ya miezi si mamoja. Mzee wangu wa Kabul hataki kusikia Farvardin. Kwake ni Hamal, kisha Sawr, Jawza, Saratan, Asad, Sunbula, Mizan, Aqrab, Qaws, Jadi, Dalw, Hut. Yaani majina ya buruji, yaleyale ya wanajimu wetu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani... Nilipomsomea kwa matamshi ya Kiswahili alinishika mkono akacheka.

Kwenye simu natumia ile Persian Calendar ya Android. Ni huria, haina matangazo, inaonyesha Kiajemi, Miladia na Hijria pamoja, na majina ya Kiafghani unaweza kuyachagua. Mimi naitumia kukagua tu, sijachapa nayo.

Msomi wa Usiku
Kalenda hiyo aliitunga Omar Khayyam, yule mshairi. Mwaka 1925.

Tanga Raha
Msomi umeunganisha mambo mawili yaliyopishana miaka zaidi ya mia nane. Khayyam alikuwa mmoja wa kundi la wanajimu waliofanya marekebisho ya kalenda zama za Malik Shah, huko Isfahan, mwaka 1079. Hiyo ndiyo iliyoitwa Jalali. 1925 ni mwaka bunge la Iran lilipotunga sheria ya kalenda ya sasa: miezi sita ya mwanzo siku 31, mitano siku 30, wa mwisho 29, na 30 kwa mwaka mrefu. Afghanistan walitangulia kuchukua ya jua, 1922, kwa majina hayo aliyotaja Dada_Toronto.

Tena kuna kipindi kifupi, 1976 hadi 1978, Shah aliwabadilishia hesabu ya mwaka, wakalala 1354 wakaamka 2535. Ukichapa kalenda kutoka kwenye vyeti vya zamani vya wakwe, jihadhari hapo.

Msomi wa Usiku
Nimekosolewa, nashukuru.

BintiMakunduchi
Nyote mnazungumza Nowruz kama kitu cha ugenini, na sisi kwetu Nairuzi tunaichezea kila mwaka. Mwaka Kogwa si ndiyo hiyohiyo? Basi na Nairuzi yetu muiweke kwenye hiyo kalenda!

Kidevu Cheupe
Dada, ile ni 21 Machi, na nyinyi Makunduchi mnapigana kwa migomba mwezi wa saba. Imekuwaje iwe moja?

BintiMakunduchi
Jina moja, asili moja, njia mbili. Nisikilize. Mwaka wetu wa wazee una siku 365 tu, hauna mwaka mrefu. Siku zinahesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo thelathini na sita, zinabaki siku tano, mwaka umekwisha. Kwa kuwa hauongezwi siku, kila miaka minne unarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya Kizungu. Ndiyo maana unatembea. Babu yangu alikuwa hajui Julai wala Agosti kwa ajili ya shamba, yeye alisema "mwongo wa kadha, tupande." Siku yenyewe wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba kumaliza chuki za mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake tunaimba, na mgeni hakai bila kulishwa. Kumwacha mgeni na njaa siku ya Mwaka ni mkosi.

Maskati_Kwetu
BintiMakunduchi umenigusa. Mimi nimezaliwa Maskati, wazee wangu ni wa Unguja, na huku manahodha wa zamani walikuwa na Nairuzi yao pia. Ahmad ibn Majid, aliyezaliwa Julfar, alipoandika nyakati za kusafiri hakutumia miezi ya Kiarabu, kwa sababu ile inafuata mwezi na upepo haufuati mwezi. Alihesabu siku za Nairuzi: siku ya mia ya Nairuzi toka bandari fulani, siku ya mia na kadha bahari inafungwa. Siku 365, bila nyongeza. Kaskazi na kusi ni za jua, kwa hiyo baharia alihitaji mwaka wa jua, na jirani aliyekuwa nao ni Mwajemi.

MwalimuHisabati
Hapo sasa mmenikosesha usingizi wa pili. Mwaka wa Kiajemi wa kale, wa mfalme Yazdegerd, ulianza kuhesabiwa 16 Juni 632, nao una siku 365 kavu. Rudisha siku moja kila miaka minne: zama za Ibn Majid, mwisho wa karne ya 15, mwaka mpya huo unaangukia katikati ya Novemba. Endelea mpaka leo, unafika katikati ya Julai. Na Waparsi, wale Wazoroasta wa India, wa kundi la Kadimi hadi leo mwaka wao mpya ni katikati ya Julai! Wale wa Shahenshahi wako mwezi mmoja nyuma yao, katikati ya Agosti, kwa sababu walizidisha mwezi mmoja huko nyuma. Mgawanyiko wao ulitokea Surat mwaka 1745 kwa hilohilo.

Na Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni Julai, siku chache baada ya Kadimi.

Maskati_Kwetu
Siku chache hizo ndizo zinazonisumbua. Siku tano za mwisho wa mwaka, zile zisizo na mwongo, huenda upande mmoja waliziweka mahali tofauti.

Tanga Raha
Au mahali fulani mtu alikosea hesabu na watu wakamfuata, kama mleta uzi na Yalda yake.

Mwana wa Kisauni
Mimi naona mnawapa Waajemi sifa yote. Mvuvi wa pwani hii alikuwa anajua upepo kabla hajafika Mwajemi. Jina la Nairuzi lilikuja kwa mashua, sawa, lakini hesabu ya makumi ni ya watu wa hapa. Baba yangu alivua Kisauni, akihesabu kwa vidole vya mikono miwili, vikiisha amefunga mwongo. Hakuna aliyemfundisha Kiajemi.

Maskati_Kwetu
Ndugu yangu, hata Ibn Majid alihesabu kwa makumi na mamia. Sisemi baba yako alifundishwa. Nasema walikuwa wanazungumza bahari moja.

Mwana wa Kisauni
Haya. Hapo tumeelewana nusu.

Kidevu Cheupe
Mleta uzi kaoa Shiraz, kwa hiyo sasa yeye ndiye Mshirazi wetu wa kweli, wengine tuliobaki tulikuwa tunadai tu. 😂

Tanga Raha
Kidevu usicheke sana. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa utafiti wa vinasaba kwenye mifupa ya makaburi ya miji ya Waswahili ya zamani. Walikuta mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000: kwa baba wengi asili ya Uajemi, kwa mama asili ya Afrika. Wazee wa Kilwa waliodai asili ya Shiraz hawakuwa wakitunga tu. Ila na lugha ikabaki ya mama, na ndiyo hii tunayoandikia.

Mwana wa Kisauni
Makaburi ya mawe ni ya matajiri. Maskini mifupa yake haikuchimbwa.

Fundi Chapa
Wakuu, nawaheshimu, lakini mtu anataka kuchapa kalenda na Machi inakuja. Nina neno.

Mleta uzi, huhitaji kanuni yoyote ya Birashk wala ya miaka 33. Unahitaji tarehe MBILI tu za kweli: Nowruz ya mwaka unaouchapa na ya mwaka unaofuata. Hizo zinatangazwa na kituo cha kalenda cha taasisi ya jiofizikia ya Chuo Kikuu cha Tehran. Baada ya hapo ni kujumlisha tu, kazi ya mtoto wa darasa la tatu. Fungua LibreOffice Calc, programu huria ya majedwali. Safu ya kwanza tarehe za Miladia, kuanzia 21 Machi 2026, buruta mpaka mwisho. Safu ya pili, siku ya mwezi wa Kiajemi: 1 hadi 31 mara sita, 1 hadi 30 mara tano, 1 hadi 29. Safu ya tatu jina la mwezi. Ya nne sikukuu. Hifadhi kama CSV, halafu ScribusGenerator, ambayo nayo ni huria, inamwaga data hiyo kwenye visanduku vya ukurasa uliouchora mara moja. Mwaka ujao unabadilisha safu, ukurasa ni uleule.

Mashine ikikosea, unajua ilipokosea, kwa sababu kila tarehe umeiona kwa macho yako.

Mwanamji_Hamburg
Fundi, hili limenikaa. Nimekaa na mke jana usiku, tumeandika jedwali lote pamoja, yeye ananitajia miezi mimi naandika. Ilituchukua saa moja na chai. Tumekwama kwenye mambo matatu: wiki inaanza upande gani, tarakimu, na sikukuu za dini.

Mlinzi wa Kodi
Tarakimu kwanza. Usiandike za Kiarabu ukadhani ni za Kiajemi. Zinafanana isipokuwa nne, tano na sita: Kiajemi ni ۴ ۵ ۶, Kiarabu ni ٤ ٥ ٦. Kwenye kompyuta ni herufi tofauti kabisa, hata zile zinazofanana machoni, ukitafuta hutazipata. Fonti tumia Vazirmatn, ni huria, inasomeka hata ikiwa ndogo pembeni.

Anayependa Emacs, kile kihariri cha maandishi, kalenda yake nayo inaonyesha tarehe ya Kiajemi ukibonyeza p mara mbili, na inaweza kuchapa mwezi kwa LaTeX. Lakini, Mwalimu utafurahi, nimeifungua: kanuni iliyomo ni ya 2820. Kwa 1405 haitakuharibia, kwa 1404 ingekuharibia. Ile maktaba ya JavaScript iitwayo jalaali-js inafuata hesabu ya Borkowski, mtaalamu wa falaki wa Poland, nimeijaribu ikatoa 30 Esfand 1403 vizuri.

MwalimuHisabati
Nimefurahi.

BintiMakunduchi
Kuhusu wiki. Wairani wanaanza Jumamosi, Shanbe, na kupumzika Ijumaa. Halafu wanahesabu: Yekshanbe ni Shanbe na moja, Doshanbe na mbili, mpaka Panjshanbe na tano. Sisi tunahesabu palepale: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Wiki yetu na yao inaanza siku moja! Sisi Jumamosi yenyewe ndiyo mosi, wao Shanbe ni sifuri na Jumapili ndiyo moja. Kwa hiyo Jumatano yetu kwao ni "nne". Wewe Mswahili na mkeo Mwajemi mnaanza wiki pamoja, Mjerumani peke yake ndiye anaanza Jumatatu. Weka Jumamosi mwanzo!

Mwanamji_Hamburg
Nimemsomea mke wangu hili kwa Kijerumani, amenyamaza. Safari hii si kunyamaza kule. Ameniambia niandike Jumamosi na Shanbe kisanduku kimoja juu.

Tanga Raha
Na 1 Farvardin 1405 ni Jumamosi, 21 Machi 2026. Mwaka unaanza kwenye kisanduku cha kwanza kabisa.

Dada_Toronto
Ila mtoto wenu anasoma Ujerumani, shule yake inaanza Jumatatu. Fikirieni na yeye. Mimi ningeweka Miladia kama msingi, Jumatatu kushoto, Kiajemi iwe ndogo. Mtu anayechelewa shule ni mtoto, si Nowruz.

BintiMakunduchi
Mtoto atajifunza zote mbili, ndiyo bahati yake.

Fundi Chapa
Msingi nao una maana kwenye karatasi. Ukiweka Miladia kama msingi, kila ukurasa unabeba vipande vya miezi miwili ya Kiajemi, na ya pili inaanza katikati, kama tarehe 21 Aprili ndiyo 1 Ordibehesht. Ukiweka Kiajemi kama msingi, Aprili ndiyo inakatwa. Lazima mmoja akatwe. Mimi natia rangi hafifu kwenye siku za mwezi wa pili ili jicho lijue. Na mwelekeo: Kiajemi halisi Shanbe iko kulia. Ukitaka kushoto, utakuwa unasoma majina kutoka kulia na siku kutoka kushoto, wazee watasumbuka, vijana hawatasumbuka.

Maskati_Kwetu
Sikukuu za dini usizichape kama za uhakika. Mfano mwaka huu wa 2026: Ramadhani inakwisha hapohapo kwenye Nowruz. Mfunguo Mosi itakuwa 20 au 21 Machi, na Oman, Iran na Tanzania zinaweza zisione mwezi siku moja. Idi na Nowruz zitagongana au zitafuatana. Acha kisanduku wazi, uandike kwa kalamu usiku wa mwandamo.

Mwanamji_Hamburg
Tumeamua. Kiajemi msingi, Shanbe kulia kwa ajili ya mama mkwe ambaye tutamtumia nakala, Miladia kijani chini, Jumatatu imezungushiwa duara kwa ajili ya mtoto. Idi tumeiacha wazi. Na mwezi wa Tir, unaoanza 22 Juni, unakwisha Julai: BintiMakunduchi, niandikie tarehe ya Mwaka Kogwa ya mwaka huu, kuna kisanduku chako. Nakala ya majaribio imetoka jana. ۴ zimetoka za Kiarabu kwenye mwezi wa Mehr peke yake, sijui kwa nini, narudi kuitazama faili.

Mlinzi wa Kodi
Mehr uliiandika wewe au mke?

Mwanamji_Hamburg
Mimi. Kibodi ilikuwa kwenye Kiarabu.

BintiMakunduchi
Subiri nimuulize mzee, tarehe haitangazwi na mtu yeyote tu. Usichape kabla sijarudi.